Bwawa la umeme mtoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara nchini Uganda

Majibu haya ni kwa wakazi wa kando ya Nile na mito ya milimani, wanafunzi wa ufundi, viongozi wa LC (mabaraza ya mitaa) na kila anayetaka kujua bwawa la umeme hujengwaje na huharibika kwa nini. Mifano mingi inatoka Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, kwa sababu vituo vyote vitano vinategemea maji ya mto mmoja.

Hesabu ya umeme wa bwawa inapigwaje?

Kuna mambo mawili makubwa: wingi wa maji yanayopita kila sekunde, na mwinuko, yaani tofauti ya kimo kati ya maji yaliyo juu ya ukuta na yale yaliyo chini yake. Zidisha 9.81 kwa mita za ujazo kwa sekunde, zidisha tena kwa mwinuko kwa mita, halafu kwa ufanisi wa mitambo, ambao kwa mashine kubwa zilizotunzwa ni karibu 0.9. Jibu utakalopata ni kilowati.

Chukua mita za ujazo 1,000 kwa sekunde na mwinuko wa mita 20: 9.81 × 1,000 × 20 × 0.9 ni kW 176,580, karibu MW (megawati, yaani kilowati elfu) 177. Maji hayo hayo yakishuka mita 70, kama Karuma, yanatoa karibu MW 618. Ndiyo maana Karuma ina mitambo ya MW 600 na Isimba MW 183.2, ingawa mto ni ule ule: mwinuko wa Isimba ni mita 15 hivi. Wageni wakifika bwawani hutazama ukubwa wa ukuta. Mhandisi huuliza kwanza maji ni kiasi gani na yanashuka mita ngapi.

Kumbuka pia kwamba MW 600 ni uwezo wa mitambo. Umeme unaotoka leo unategemea maji ya leo.

Mbona mabwawa ya Nile Uganda hayana ziwa kubwa nyuma yake?

Kwa sababu ghala lao ni Ziwa Victoria lenyewe. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo sentimita moja tu ya kimo chake ni mita za ujazo milioni 688. Mto ukitoka ziwani pale Jinja kwa kasi ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, unachukua siku nane kumaliza sentimita hiyo moja, ukiacha mvua na mvuke pembeni. Hakuna bwawa la kujengwa na binadamu huku kwetu linalokaribia ghala hilo.

Bujagali na Isimba hazina haja ya kuhifadhi maji ya miezi. Zinahifadhi ya saa chache, za kutosha kuongeza umeme jioni watu wanapowasha taa na kupika. Lakini kuna upande wa pili: maji yakipungua Jinja, yanapungua kwa vituo vyote vilivyo chini. Ukijenga bwawa la sita hutapata mto wa pili.

Nani anaamua maji kiasi gani yatoke Jinja?

Kabla ya bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, mwamba wa maporomoko ya Ripon ndio uliokuwa mlango wa ziwa. Ziwa likipanda, maji mengi yalipita juu ya mwamba. Likishuka, yalipungua yenyewe. Bwawa lilizinduliwa mwaka 1954, maporomoko yakazama, na milango ya zege ikachukua kazi ya mwamba. Misri, iliyo mwisho wa mto, ilikubali kwa sharti kwamba milango hiyo itoe maji kama mwamba ungeyatoa. Uhusiano huo kati ya kimo cha ziwa na maji yanayotoka ulichorwa, na mchoro huo ndio unaoitwa mchoro wa makubaliano (kwa Kiingereza Agreed Curve). Kipimo cha kimo cha ziwa kilichoko Jinja kikisoma mita 11, mto unastahili karibu mita za ujazo 600 kwa sekunde. Kikisoma mita 12, karibu 1,100.

Ona jinsi mita moja tu ya ziwa inavyokaribia kuongeza maji maradufu. Kila mpango wa umeme wa nchi hii umekalia mchoro huo, na inasikitisha kwamba hautajwi mara nyingi bei na mgao vinapojadiliwa.

Kiira ilijengwa ili kuongeza umeme. Kwa nini basi kulikuwa na mgao mkali mwaka 2005 na 2006?

Kiira, yenye mashine tano za MW 40, ilianza kazi mwaka 2000 kando ya Nalubaale, ikipata maji kwa mfereji wake. Haiko chini ya Nalubaale bali sambamba nayo, kwa hiyo tone la maji linalopita Kiira halipiti Nalubaale. Jumla yao ni MW 380 kwenye karatasi, lakini jumla hiyo inapatikana ziwa likiwa juu tu. Ukame ulipokuja katikati ya muongo ule, maji mengi yalikuwa yametolewa kuliko mchoro unavyoruhusu, ziwa likashuka, mwinuko na maji vikapungua, na nchi ikategemea jenereta za dizeli zenye gharama kubwa.

Bujagali ni habari nyingine. Iko chini ya hizo mbili, kwa hiyo MW 250 zake, zilizokamilika mwaka 2012, zinatoka kwenye maji ambayo tayari yametumika Jinja. Hivyo ndivyo mabwawa ya mfululizo yanavyoleta faida: maji yale yale yanafanya kazi mara kadhaa kabla ya kufika Sudan Kusini.

Mwaka 2020 shida iligeuka. Mwezi Mei kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya miaka ya 1960, na milango ikalazimika kufunguliwa sana huku nyumba za kandokando ya ziwa zikiwa majini.

Kazi gani hufanywa kabla ya tingatinga kuingia?

Hapa ndipo bwawa linapofaulu au kushindwa, na ndipo pesa hubanwa kwanza.

Kwanza ni takwimu za maji. Kwa Nile zipo: kimo cha Ziwa Victoria kimekuwa kikiandikwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa vijito vya Rwenzori au Elgon mara nyingi kuna miaka michache tu, na miaka mitano ya mvua nzuri inaweza kumdanganya mwekezaji akanunua mashine kubwa kuliko mto.

Pili ni mwamba. Uganda ina udongo mwekundu mzito juu ya mwamba uliooza, na chini yake ndipo kuna mwamba mzima. Mitambo huchoronga mashimo na kutoa vipande virefu vya mwamba, vinavyopangwa kwenye masanduku kwa mita. Vipande vikitoka vizima na virefu, ni habari njema. Vikitoka makombo, kuna ufa au mwamba laini. Kisha sehemu ya shimo hufungwa juu na chini kwa mipira inayojazwa hewa, maji yanasukumwa ndani kwa shinikizo, na lita zinazopotea kwa dakika kwa kila mita zinahesabiwa. Penye kuvuja, uji wa saruji unapigwa ndani ya mwamba kwa shinikizo, shimo baada ya shimo, hadi litokee pazia lisilopitisha maji chini ya ukuta. Mashimo ya kwanza huwa mbali, ya pili katikati yake, ya tatu katikati tena. Kila awamu inapaswa kunywa saruji kidogo kuliko iliyotangulia. Isipopungua, usimwage zege juu yake.

Mto unazuiwaje wakati ukuta unajengwa?

Hauzuiwi, unahamishwa. Nile ya Uganda ina visiwa vingi, na wajenzi huvitumia. Bujagali imejengwa kwenye kisiwa cha Dumbbell, mahali mto unapogawanyika. Tuta la muda linafunga mkono mmoja wa mto, maji yanaelekezwa mkono wa pili, pampu zinakausha eneo lililofungwa, na hapo hujengwa kwanza njia ya maji ya ziada pamoja na milango yake. Ikikamilika, mto unarudishwa kupitia milango hiyo, na mkono wa pili unafungwa.

Saa ngumu ni ya kufunga pengo la mwisho. Mawe yanamwagwa kutoka ukingoni, na kadiri pengo linavyopungua ndivyo kasi ya maji inavyopanda, hadi mawe yaliyotosha jana yanasombwa leo. Kwa hiyo mawe makubwa zaidi huwekwa akiba mapema, na malori hayasimami hadi pengo lifungwe. Baadaye upande wa juu unapakwa udongo laini kuziba matundu.

Matuta ya muda huharibika kwa sababu mbili kuu: yamejengwa chini kuliko mafuriko ya msimu, au pampu zimezimika usiku na hakuna jenereta ya akiba.

Ukuta wa zege au wa udongo na mawe?

Mara nyingi ni vyote viwili. Sehemu inayobeba milango na mitambo ni ya zege, na mabega yake hadi kwenye kingo ni tuta la udongo na mawe, kwa sababu vitu hivyo vinapatikana karibu na ni nafuu.

Tuta zuri lina kiini cha udongo wa mfinyanzi katikati, kichujio cha mchanga uliochaguliwa, kisha mawe. Udongo unamwagwa kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30 na kushindiliwa kwa rola lenye meno, huku unyevu ukipimwa. Mkavu sana haushindiliki. Wenye maji mengi hucheza chini ya rola. Kichujio ndicho kinacholinda maisha ya watu: maji kidogo hupenya kila tuta, lakini kichujio kinayaruhusu maji kupita na kuzuia udongo kubebwa. Kikikosekana, punje zinaanza kutoka, tundu linapanuka kurudi nyuma, na tuta linabomoka kutoka ndani. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilivunjika hivyo tarehe 5 Juni 1976, likijazwa kwa mara ya kwanza.

Kwa mkazi wa chini ya tuta: maji safi yanayochirizika ni jambo la kuripoti na kufuatilia. Yakibadilika kuwa ya tope, ni dharura. Piga simu kituoni na ondokeni bondeni.

Kwa nini zege la bwawa hupasuka likiwa bado jipya?

Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Kwenye nguzo ya nyumba joto hilo linatoka haraka, lakini ndani ya bonge la zege la mita kadhaa linakwama kwa wiki nyingi. Nje inapoa na kusinyaa, ndani bado imevimba, na ngozi ya zege inachanika. Kanuni ya kazi ni kutoruhusu tofauti ya joto kati ya ndani na nje kuzidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi.

Njia za kuzuia zinajulikana. Punguza saruji na uweke majivu ya volkano au ya makaa badala ya sehemu yake. Kinga kokoto na jua. Changanya kwa maji baridi au barafu. Mwaga usiku. Mwaga kwa vimo vya mita 1.5 hadi 3, ukiacha siku kadhaa kati ya kimoja na kingine. Lowesha zege angalau siku 7, na 14 kama lina majivu. Kila moja ya njia hizo inachelewesha ratiba, na ndiyo sababu huachwa.

Kasoro nyingine ni za mikono: maji yaliyoongezwa kwenye lori ili zege litiririke kirahisi, vibreta (mashine za kutikisa zege) visivyofika kati ya nondo na kuacha mashimo kama sega la nyuki, au uso wa zege la jana usiosuguliwa kabla ya kumwaga la leo. Mwaka 2016 nyufa kwenye njia ya maji ya ziada ya Karuma zilitangazwa hadharani, na ukarabati wake ukawa mjadala wa kitaifa. Msimamizi anayejitegemea anapaswa kuwa na mamlaka ya kusimamisha umwagaji zege, si ya kuandika barua tu. Mchemraba wa zege wa majaribio unavunjwa siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu. Ukisubiri siku ya 28 ndipo ugundue udhaifu, tayari kuna vimo vitatu juu yake.

Lipo pia tatizo la uzee. Baadhi ya kokoto zina silika inayopigana na alkali ya saruji, zege linavimba polepole, na shafti za mashine zinapoteza unyoofu. Jengo la mitambo la Nalubaale limeishi na uvimbe wa aina hiyo kwa miaka mingi. Kokoto zipimwe kabla, kwa sababu baada ya kumwaga hakuna dawa ila kukata nafasi na kurekebisha mashine kila mara.

Kwa nini mitambo ya Karuma iko chini ya ardhi?

Ukuta wa Karuma si mrefu. Mwinuko wa mita 70 unatokana na mteremko wa mto wenyewe, ambao unashuka kwa maporomoko madogo madogo kwa kilomita kadhaa. Maji yanaingizwa kwenye mashimo hadi mashine sita za MW 100 zilizo pangoni, kisha yanarudi mtoni kwa mahandaki mawili yenye urefu wa zaidi ya kilomita 8 kila moja. Ardhi iliyozama ni ndogo kuliko ambavyo ukuta wa mita 70 ungezamisha.

Gharama yake ni kwamba kipande cha mto kati ya ukuta na mdomo wa mahandaki kinanyang'anywa maji. Kiasi kinachotakiwa lazima kiachwe kipite ukutani mwaka mzima, kwa ajili ya samaki na wanyama wa hifadhi.

Tabaini gani inafaa?

Tabaini ni gurudumu linalozungushwa na maji. Mwinuko mdogo na maji mengi: Kaplan, yenye mapanga yanayogeuzwa kama ya feni. Isimba inazo nne. Mwinuko wa kati: Francis, kama Karuma. Mwinuko mkubwa na maji machache, kama vijito vya milimani: Pelton, gurudumu la vikombe vinavyopigwa na mchirizi mkali.

Kituo kikishaanza kazi, nini hukisimamisha?

Takataka za mtoni, kwanza. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kiliingia kwenye mdomo wa mitambo ya Jinja na nchi nzima ikakosa umeme. Visiwa hivyo ni mafunjo na magugumaji yaliyong'oka ufukweni ziwa linapopanda. Kinga ni mnyororo wa maboya mbele ya milango, mashine za kukwangua vichujio vya vyuma, na boti za kukivuta kisiwa kikiwa bado mbali. Kikishabanwa kwenye vichujio, kazi ni ya siku.

Pili ni maji kuingia ndani. Jengo la mitambo liko chini ya kimo cha mto, hivyo mashine moja ikifunguliwa kwa matengenezo, kinachowatenga mafundi na mto ni milango miwili tu, wa juu na wa chini. Mwezi Agosti 2022 jengo la Isimba lilijaa maji na MW zake zote zikatoka kwenye gridi. Kanuni isiyovunjwa: milango yote miwili ifungwe, umeme wake ukatwe, ifungiwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa fundi aliye ndani, na pampu za dharura zijaribiwe siku hiyo hiyo.

Kwenye mito ya Rwenzori adui ni mchanga. Nile inatoka ziwani ikiwa imeshatua tope lake, lakini Mubuku au Nyamwamba inabeba mchanga wenye kwatzi (madini magumu) unaokwangua vikombe vya tabaini kama msasa. Hapo dimbwi la kutuliza mchanga ni la lazima, refu na pana kiasi cha maji kupoa mwendo, na lisafishwe msimu wa mvua bila kungoja ratiba. Mafuriko ya huko pia huleta mawe makubwa, kwa hiyo mdomo wa maji ukae pembeni ya mkondo.

Ardhi yangu ikichukuliwa, nafuata hatua gani?

Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hilo mwaka 2015. Ardhi, majengo na mazao huthaminiwa kila kimoja peke yake. Viwango vya mazao na nyumba za muda hutoka kwa bodi ya ardhi ya wilaya, na ripoti huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Mwenye kibanja (anayekaa kwenye ardhi ya mwingine) ana haki yake mbali na ya mwenye mailo (mwenye hati ya ardhi), kwa hiyo asikubali kuambiwa kwamba "mwenye shamba ameshalipwa".

Mthamini akija, uwepo mwenyewe. Hesabuni pamoja migomba, mibuni na miembe, pigeni picha zenye tarehe, na usitie saini fomu isiyo na idadi au yenye nafasi tupu. Omba nakala, nyingine ibaki kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Kwa familia, mume na mke wasaini wote wawili na akaunti iwe ya pamoja. Pesa za fidia zimevunja nyumba nyingi pale zilipolipwa kwa mtu mmoja. Makaburi na sehemu za ibada za jadi yatajwe mapema. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa mahali patakatifu kwa Wasoga, na mazungumzo ya jambo hilo hayaharakishwi.

Afya na uvuvi vitabadilikaje?

Maji yaliyotulia huleta konokono wa kichocho na mazalia ya mbu. Tumieni sehemu moja ya kuteka maji iliyofyekwa magugu, watoto waogelee mbali nayo, na dawa ya kichocho itolewe kila mwaka. Samaki wa maji ya kasi hupungua, sato huongezeka. Chini ya ukuta maji hupanda ghafla milango ikifunguliwa. King'ora kikilia, toka mtoni hata kama jua linawaka.

Kijiji chetu kina kijito chenye maporomoko. Tunaweza kuzalisha wenyewe?

Pimeni kwanza, na pimeni mwisho wa kiangazi. Tafuteni kipande kilichonyooka cha mita 10, pimeni upana na kina mahali kadhaa mpate eneo, kisha rusheni boya dogo mara kadhaa na kuhesabu sekunde. Eneo zidisha kwa mwendo (mita 10 gawanya kwa sekunde hizo), kisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Nusu mita ya ujazo kwa sekunde na mwinuko wa mita 30, kwa mashine ndogo yenye ufanisi wa 0.7, ni karibu kW 103, zinazotosha kinu, kituo cha afya na nyumba nyingi. Mkipata lita 50 tu kwa sekunde, ni kW 10, na paneli za jua huenda zikawa nafuu.

Baada ya vipimo, nendeni kwa ofisi ya rasilimali za maji kwa kibali cha kuteka, ERA (mamlaka ya udhibiti wa umeme) kwa masharti ya kuzalisha na kuuza, na NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa tathmini ya mazingira, kabla ya kulipa malipo ya kwanza ya mashine. Muulizeni muuzaji nani atabadilisha beringi, kutoka wapi, na kwa siku ngapi. Wekeni jibu lake kwenye mkataba.